Mbuzi wa Akika Yako

Temeke, siku ya kuamkia safari yako, baada ya alasiri

Mwanangu Sefu,

Salamu tumeshapeana leo asubuhi, uliponishika mkono ukanipa shikamoo ya haraka haraka kama mtu ambaye mguu wake mmoja umekwisha panda treni. Mie mzima, mama yako mzima, nawe nakuona kwa macho yangu kwamba u mzima. Kumwandikia barua mtoto unayelala naye nyumba moja ni kichekesho, najua. Cheka, halafu soma mpaka mwisho.

Habari za chandarua, za kutokaa na nguo mbichi huko kwenye baridi, na za kutosahau sala, mama yako amekwambia mara sita na kesho stesheni atakwambia ya saba. Mie siingii huko. Nina jambo moja tu, nimelilalia miaka kumi na saba kama kuku anayeatamia yai viza. Nilikuwa nimepanga kuifukia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukishavuka Morogoro, mie nikiwa mbali na uso wako.

Juzi ulikuwa barazani kwa Mzee Masanja, jirani yetu, naye akakutolea ile kengele ya ng'ombe wake. Mie nilikuwa huku nyuma ya ua wa makuti nikijifanya nafunga kamba ya nguo. Nilimsikia akikwambia, "Mwanangu, huko uendako wanasomesha magonjwa ya wanyama. Mie sikutumi kitu ila kimoja. Kanitafutie lile lililoingia zizini mwangu lilipita wapi. Nimeuliza watu, nimeuliza Mungu, sijajibiwa." Nawe ukamjibu kwa ujasiri wa ujana wako, "Nitalijua, mzee. Na wewe ndiye wa kwanza nitakayekuja kukwambia."

Utalijua, Sefu. Hutamaliza hata mwaka. Siku moja mwalimu atasimama mbele yenu azungumzie ugonjwa wa miguu na midomo, ataje mnyama mmoja, nawe mkono utakusimama na kalamu. Sitaki uwe peke yako siku hiyo.

Wewe unamjua Mzee Masanja msokota kamba za katani. Hukumjua Masanja mwenye ng'ombe. Alikuja Temeke kutoka Usukumani na mkewe, akafuga ng'ombe saba hapo palipo na migomba yake leo, na alfajiri alipita Chang'ombe mpaka kwenye nyumba za makarani akiuza maziwa. Ng'ombe wake mkubwa aliitwa Limi, jina ambalo kwao maana yake ni jua. Mama yako alipojifungua wewe alipata homa, maziwa yakakauka. Masanja alikuwa akileta kikombe cha kwanza cha Limi kabla hajaenda kuuza, na wewe ukanyweshwa kwa kijiko. Kengele uliyonayo ndani ya sanduku ilikuwa shingoni mwa ng'ombe aliyekuweka hai. Hilo hakukwambia, kwa sababu yeye si mtu wa kusimbulia wema aliomtendea mtu.

Mie wakati ule nilikuwa askari wa mifugo. Nilikuwa na kofia, fimbo, na kizuizi cha mti mmoja kilicholala barabara ya Pugu, na kwa vitu hivyo vitatu nilijiona sultani. Habari zilikuwa zimefika kwamba huko juu, njia ya bara, kuna ugonjwa wa miguu na midomo, na amri yangu ilikuwa fupi: mnyama wa kwato asipite. Karani alitusomea orodha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Alipofika kwa nguruwe tuliangua kicheko, maana nguruwe Temeke angetoka wapi. Tulicheka, na kwenye kile kicheko orodha yote ikaniponyoka. Kichwani mwangu likabaki neno moja, ng'ombe. Wa kuanguka ni ng'ombe, wa kutoka udenda ni ng'ombe, basi nikasema ugonjwa ni wa ng'ombe. Mbuzi anakula majani makavu na karatasi, nani amewahi kumsikia mbuzi anaumwa ugonjwa wa tajiri?

Ulipotimiza siku tano duniani, marehemu mjomba wako Shomari alitokea pale kizuizini anavuta beberu mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Alikuwa amemnunua Ruvu, kwa watu walioshuka na mifugo kutoka bara. Alikuwa amejaa vumbi na furaha.

"Shemeji, akika ya mjomba wangu hii," akaniambia. "Kwa mwanamume ni wawili, najua. Wa pili Mungu ataleta."

"Kuna karantini, Shomari."

"Karantini ya mbuzi? Shemeji, hata wewe!"

Tukacheka tena. Mie mwenyewe, kwa mkono huu unaoandika, nilinyanyua ule mti. Hakunihonga mtu, hakunitisha mtu. Nilikuwa nimepata mtoto wa kiume baada ya kuzika wawili, na nilitaka jina lako lisomwe siku ya saba, mbuzi akiwa amechinjwa, kama walivyofanyiwa watoto wa watu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana kumpitisha mbuzi ni nusu yake tu.

Mbuzi wa akika, unajua, hataki kilema. Asiwe chongo, asiwe amekatika sikio, asiwe kiwete. Jioni ile nilimkagua kwa makini kuliko nilivyowahi kumkagua ng'ombe yeyote wa serikali. Macho safi, masikio kamili, pembe nzuri. Lakini alipotembea, mguu wa mbele wa kulia ulikuwa unagusa chini kwa woga. Anachechemea kidogo, kidogo kiasi kwamba asiye askari wa mifugo asingeona. Shomari akasema ni mwendo wa kutoka Ruvu. Nami nikasema hivyo hivyo. Ila mbuzi anayechechemea hafai kwa akika, kwa hiyo nikaamua tuahirishe, tumpumzishe, tumlishe vizuri mpaka mguu upone. Niliona nafanya ucha Mungu. Ningekuwa mtu wa ovyo, ningemchinja kesho yake na mguu wake vile vile, na ng'ombe saba wangepona.

Na kumpumzisha ni wapi? Sie hatukuwa na banda. Masanja alikuwa nalo, tena lenye kivuli, majani na maji. Akampokea kwa mikono miwili. "Mbuzi wa mtoto wangu huyu," alisema, na akamfunga kwenye hori moja na Limi. Siku saba mbuzi yule alikula alipokula Limi, akanywa ndoo moja naye, akalamba jiwe moja la chumvi. Siku ya nane akatembea wima kama bwana harusi. Nikamrudisha nyumbani, nikapanga akika siku ya ishirini na moja.

Kesho yake asubuhi Masanja aliniita. Limi alikuwa amesimama anatokwa na udenda, mrefu mpaka chini, anapiga midomo kama mtu anayeonja kitu cha moto. Mguu mmoja anaunyanyua, anaushusha, anaunyanyua mwingine. Alipojaribu kumkamua, ng'ombe yule mpole alimpiga teke. Ndani ya siku tatu wote saba walikuwa hivyo. Ndama wao wawili, nje ya hao saba, hawakutoa hata udenda: walinyonya jioni, asubuhi wakakutwa wamelala chini wamekufa, kama waliozimwa. Masanja alimbeba mmoja mikononi akawa anazunguka naye uani, hajui amweke wapi.

Bwana Mifugo akaja, Mwingereza mrefu mwenye kuinama kila mlangoni hata pasipo mlango. Akatia bendera nyekundu, akazungushia kamba, akasema hakuna maziwa kutoka, hakuna mnyama kuingia wala kutoka. Kisha akanigeukia mbele ya Masanja na mbele ya majirani waliojaa kule nje. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Askari, mnyama yeyote amepita kwako?"

Nilikuwa na muda, Sefu. Wanasema mtu huteleza ulimi, lakini wangu haukuteleza. Nilimwona yule mbuzi akilini, nikaona kazi yangu, nikaona wewe uliyefungwa kanga mgongoni kwa jirani, nikajibu, "Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepita, bwana." Nikapiga saluti. Na yeye akaandika.

Kwa kuwa askari kasema hapakupita kitu, ikabidi Masanja awe mwongo. Watu wakaanza: atakuwa aliingiza ng'ombe wa magendo usiku. Msukuma na ng'ombe, nani asiyejua? Muuza mkaa aliyekuwa akifunga punda wake pale bandani, punda wake hakupata hata kikohozi, watu wakasema basi ana hirizi, na Masanja ndiye aliyerogwa kwa sababu ya uroho. Hakuna hirizi. Punda hana kwato iliyogawanyika, na kijidudu kile hakimtaki. Kinampata ng'ombe kikamwangusha, kinampata mbuzi kikamkuna tu na kupita, kinamwacha punda. Haya nimeyapata miaka mingi baadaye, kidogo kidogo, kwa kuwachokoza wasaidizi wa mifugo waliosoma. Ni kitu kidogo hata hadubini zao hazikioni. Kinakaa kwenye mate, kwenye pumzi, kwenye mkono wa mkamuaji na soli ya kiatu. Wewe utayajua vizuri zaidi, kwa majina yake.

Na unajua nani aliwekwa alinde zizi la Masanja? Mimi. Nilikuwa jirani, nilikuwa karibu, serikali ikaona ni busara. Wiki nyingi nilikaa kwenye kigoda nje ya ile kamba, na yeye akakaa kwenye kigoda ndani yake. Alinikabidhi maziwa machache yaliyotoka na mie nikayamwaga shimoni mbele yake, kwa amri. Tulikuwa tukizungumza vizuri tu. Aliniuliza habari zako kila siku. Hata wiki ya kwanza haijaisha, usiku mmoja mkewe alifungasha, akaenda kwao Shinyanga, akasema hawezi kuishi anapoitwa mke wa mwizi. Hakurudi.

Siku ya ishirini na moja tukafanya akika yako. Nilimchinja mie mwenyewe. Nilipokuwa natenga kichwa, kidole changu kikanyanyua mdomo wa juu, kwa mazoea ya kazi, na pale kwenye ufizi nikaona alama: mabaka ya waridi, laini, mahali ambapo kidonda kimepona. Nikaitazama kwato ya kulia. Katikati ya vidole palikuwa na gamba kavu. Nilikuwa nimekwisha funua midomo ya ng'ombe mia, sikuhitaji kuambiwa na mtu. Hapo nilikaa chini kwenye damu, na mama yako akadhani nalia kwa furaha.

Kwa desturi ya nyumbani kwetu wazazi hawali nyama ya akika, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba sikula. Mifupa hatukuivunja, tuliifunga kwenye kitambaa cheupe nikaizika nyuma ya jiko. Shangazi yako akajaza bakuli, akanipa nimpelekee jirani, maana mtu amefungiwa na hana mke wa kumpikia. Nilimpitishia Masanja juu ya kamba. Akala, akalamba vidole, akanyanyua mikono yake akakuombea kwa Kisukuma, maneno mengi. Nilisimama pale mpaka akamaliza.

Bendera ilipong'olewa, wale saba walikuwa hai lakini hawakuwa ng'ombe tena. Kwato zimevimba, matiti yameharibika, maziwa hayakurudi. Bwana Mifugo akamwandikia asifuge tena maeneo haya. Wakaenda kwa mchinjaji mmoja mmoja, na Limi akawa wa mwisho. Masanja alimvua kengele barabarani, akarudi nayo imeshikwa ulimi isilie.

Tangu hapo niko karantini, mwanangu. Hakuna bendera, hakuna kamba, na hakuna bwana wa kuja kuniambia siku zimetimia. Mara mbili nilipewa uhamisho wa bara, mara mbili nikaukataa. Watu wakasema nampenda jirani yangu. Kuondoka nilishindwa kwa sababu ningemwacha peke yake na jina baya nililompa. Kukaa nako nilishindwa, maana kila asubuhi nafungua dirisha namwona mgongo wake umeinamia katani. Hata sasa ninapoandika namwona. Nikimsaidia, naona ninajinunulia usingizi. Nisipomsaidia, ndiyo hivyo. Uliona mwenyewe nilivyokuwa nakugombeza ukichelewa kwake, na siku usipokwenda nikakugombeza pia. Ulimwambia mama yako baba hana msimamo. Ulisema kweli, na ulinikera.

Ukanisumbua zaidi ulipoanza kupenda wanyama. Ni yeye aliyekufundisha kufunga fundo lisilomkaba ndama, kwa kutumia kamba na mguu wa kigoda, kwa kuwa ndama hana. Ulipopata barua ya kuitwa chuoni, alilia kabla yangu.

Katika yote hayo nimepata funzo moja, sijui kama ni la mifugo au la watu. Ukifika kwenye zizi lililougua, wote watakukokota kwa yule aliyeanguka. Wewe mtazame yule aliyesimama pembeni, anakula, hana neno. Muulize ametoka wapi. Mie ndiye niliyekuwa nimesimama pembeni, nina kofia kichwani, na hakuna aliyenifunua mdomo.

Nimefika hapa nikaona barua imekwisha. Nikaikunja. Kisha nikaona ninachokifanya: nakupitishia mbuzi wangu wewe. Nakupa ulijue neno hili ndani ya treni, ukae nalo huko chuoni, urudi likizo ukakae baraza moja na Masanja huku umelibeba, mzima wa nje kama beberu yule. Nimeiacha karatasi hapa mezani nikavaa viatu.

Nimerudi. Jua bado halijazama, nawe bado hujarudi kutoka Kinondoni kumuaga shangazi yako.

Nilimkuta Masanja anasokota. Nilikaa kwenye kile kigoda chako. Nikamwambia yote, kuanzia mti wa barabara ya Pugu mpaka ufizi wa mbuzi, sikuruka kitu. Hakuacha kusokota mpaka nilipofika kwenye saluti. Hapo mikono ikasimama.

"Ni yule niliyemfunga na Limi?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Wa mtoto?"

"Wa mtoto."

Nyuzi za katani zikaanza kujifungua zenyewe mapajani mwake. "Nikamla," akasema.

"Ulimla, kaka."

"Usiniite kaka."

Nikamwambia kesho nitakwenda ofisi ya mifugo nikaandikishe maneno yangu, watu wajue hakuingiza ng'ombe wa magendo. Akasema niende, na kama nataka sifa kwa hilo nikaitafute huko huko. Akasema pia, "Mama yake hakustahili kuitwa mke wa mwizi." Alikuwa na maana ya mama wa binti yao, yule aliyekwenda na mamake Shinyanga. Mie nilikuwa nimesahau hata kwamba walikuwa na binti.

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama nikufungulie sanduku nimrudishie kengele yake. Alinyanyuka, akashika mlango.

"Kengele nilimpa mtoto," akasema. "Wewe sikukupa kitu." Akafunga.

Sefu, sikumwomba asamehe na hakusema amesamehe, usije ukasikia vingine kwa mama yako ambaye atataka yaishe vizuri. Barua hii siiweki tena chini ya sanduku. Naiweka kwenye mfuko wa shati ulilopiga pasi kwa ajili ya kesho, uisome kabla hujatoka nyumbani. Masanja alikuahidi kukusindikiza stesheni. Hatakuja, na usidhani amekukasirikia wewe. Pita kwake kwanza. Mpe jibu lake kama ulivyomwahidi, hata kama amekwisha lisikia kwangu. Kwako atalisikia vingine. Kama ataniulizia, sema ulichonacho moyoni, hata kikiwa kibaya.

Mie nitakusubiri barabarani na sanduku. Mlangoni kwake sifiki mpaka aniite mwenyewe, na kama hataniita, nitakaa huku huku.

Ni mimi babako